Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja ambaye mashabiki hawajakoma kumgombea

ALASIRI moja baada ya sala, niliketi katika mkahawa mdogo mjini Masalani, makao makuu ya Ijara katika Kaunti ya Garissa. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa mezani. Kwenye meza ya jirani, vijana watatu walikuwa wakizozana kuhusu filamu waliyokuwa wameitazama kwenye simu ya mmoja wao.

Filamu yenyewe ni Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018 na inayosimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Kijana wa kwanza alishikilia kuwa mwimbaji huyo alikuwa Mwingereza. Wa pili alisema ni Mhindi, kwani sura na majina ya wazazi wake yanajieleza. Wa tatu, ambaye aliwahi kufanya kazi Lamu, aliapa kwamba ni Mzanzibari, mwana wa pwani hii hii yetu.

Mzee mmoja aliyekuwa akiwasikiliza kwa subira aliuliza swali moja tu: babake ni nani, na ni wa ukoo upi? Vijana wakatazamana. Miongoni mwa Wasomali, ambako mtoto hufunzwa kuyataja majina ya mababu zake mmoja baada ya mwingine, mjadala kuhusu mtu huanzia hapo.

Swali la mzee yule ni zuri kuliko ubishi wa vijana. Zaidi ya miaka 30 tangu msanii huyu afariki, kila kundi la wapenzi wake limejikatia kipande cha maisha yake na kukitupilia mbali kinachobaki. Yafuatayo ni maisha hayo yakiwa mazima.

Nasaba na kuzaliwa

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946, mjini Zanzibar, wakati visiwa hivyo vilikuwa chini ya Sultani na ulinzi wa Uingereza. Babake aliitwa Bomi Bulsara na mamake Jer.

Wazazi hao walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta. Mababu wa Waparsi walihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na kutia nanga katika pwani ya Gujarat nchini India. Jina la ukoo, Bulsara, linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad.

Bomi alihamia Unguja kutafuta riziki na akaajiriwa na serikali ya kikoloni akiwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu. Familia haikuwa ya matajiri wakubwa, lakini ilijiweza. Mwaka 1952 alizaliwa binti, Kashmira, ndugu pekee wa Farrokh.

Unguja ya miaka hiyo ilikuwa mji wa watu wa kila namna. Waswahili, Waarabu, Wangazija, Wagoa, Wahindi wa madhehebu mbalimbali na Waparsi wachache waliishi katika vichochoro vile vile. Jioni walikutana Forodhani, na siku za mapumziko walijaa katika majumba ya sinema kama Majestic na Empire.

Ushabiki haukuwa jambo geni kwao. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno katika pwani ya Afrika Mashariki, na watu walizikariri nyimbo zake bila kukijua Kihindi. Katika taarabu, kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa na wapenzi wake. Kilipokuja kuzaliwa Culture mwaka 1958, mji ulipata upinzani uliodumu vizazi na vizazi. Mtoto aliyezaliwa huko alizaliwa mahali ambapo wimbo ulikuwa jambo la kugombewa.

Shule ya bweni na roki ya mwanzo

Akiwa na umri wa miaka minane, Farrokh alipelekwa India kusoma. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikuwa amevuka bahari ile ile kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Sasa mvulana wa Kiparsi aliifuata njia hiyo kwenda Panchgani, mji wa milimani ulioko mbali kidogo na Bombay, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoendeshwa kwa mtindo wa Kiingereza.

Upweke wa mtoto aliyetenganishwa na wazazi akiwa mdogo hivyo hauhitaji kufafanuliwa kwa mzazi yeyote wa Garissa ambaye amempeleka mwanawe kusoma mbali. Wenzake walianza kumwita Freddie, na jina hilo likamganda. Alifunzwa kupiga piano, akacheza tenisi ya mezani na kujaribu ndondi.

Wakati huo muziki wa roki ulikuwa bado mchanga. Tutti Frutti ya Little Richard ilikuwa imetoka mwishoni mwa mwaka 1955, na Heartbreak Hotel ya Elvis Presley mwanzoni mwa 1956. Wazazi na wahubiri wengi waliuona muziki huo kuwa upotovu. Vijana waliuona kuwa ni wao.

Mwaka 1958, Freddie na wavulana wenzake wanne waliunda bendi ya shule waliyoiita The Hectics. Walipiga nyimbo za Little Richard, Fats Domino, Elvis na Cliff Richard. Ajabu ni kuwa Freddie hakuwa mwimbaji mkuu. Alikaa nyuma kwenye piano, na uimbaji ukaachiwa mwenzake.

Kuna jambo jingine la kukumbukwa hapa. Cliff Richard, aliyekuwa nyota mkubwa wa roki ya Uingereza wakati huo, alizaliwa mjini Lucknow, India, mwaka 1940, kwa jina Harry Webb. Kubadili jina ili kupanda jukwaani hakukuanza na Freddie.

Mapinduzi yaliyowahamisha

Mnamo 1963 Freddie alirejea Unguja kwa wazazi wake, kijana wa miaka 16 mwenye kichwa kilichojaa muziki. Desemba 10 mwaka huo visiwa vikapata uhuru. Siku 33 baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi yaliyomng'oa Sultani.

Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na maelfu ya wengine wa asili ya Kiarabu na Kihindi wakakimbia. Bomi Bulsara, aliyekuwa mtumishi wa serikali iliyoondoka, aliona hakuna usalama. Familia iliondoka ikiwa na mizigo michache na kuelekea Uingereza.

Walifikia Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa London. Maisha yalianza upya, bila watumishi na bila bahari. Kijana Freddie alifanya vibarua, ukiwemo wa kushughulikia mizigo uwanjani Heathrow.

Mashabiki wengi hulipita tukio hilo haraka ili wafike kwenye muziki. Lakini bila kulitia maanani, hatumwelewi. Mtu aliyehamishwa mara mbili kabla ya kutimiza miaka 18, kwanza kwa ajili ya shule na kisha kwa ajili ya bunduki, hujifunza mapema kwamba makao ni kitu kinachoweza kutoweka usiku mmoja.

Shabiki kabla ya kuwa nyota

Kutoka chuo cha ufundi cha Isleworth, Freddie aliingia chuo cha sanaa cha Ealing na kusomea uchoraji na usanifu wa michoro. Alihitimu mwaka 1969. Huko ndiko alikoonja ushabiki kwa undani, yeye mwenyewe akiwa shabiki.

Aliyempenda kupindukia alikuwa Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyeligeuza gitaa la umeme kuwa chombo kipya. Freddie alimfuata katika maonyesho, akamchora mara nyingi na kubandika picha zake ukutani. Hendrix alipofariki Septemba 18, 1970, Freddie na rafiki yake Roger Taylor, waliokuwa na kibanda cha kuuzia nguo katika soko la Kensington, walikifunga siku hiyo kwa heshima ya marehemu.

Roger Taylor alikuwa mpiga ngoma wa bendi iliyoitwa Smile, pamoja na mpiga gitaa Brian May, mwanafunzi wa elimu ya nyota. Mwimbaji wao, Tim Staffell, alikuwa akisoma na Freddie chuoni Ealing. Kwa njia hiyo Freddie akawa mfuasi wa bendi hiyo, akihudhuria maonyesho na kutoa ushauri ambao hakuombwa.

Staffell alipojiondoa mwaka 1970, Freddie alichukua nafasi yake. Alipendekeza jina jipya, Queen, na wenzake wakalikubali. Alichora nembo ya bendi kwa mkono wake, akitumia alama za nyota za wanachama. Mpiga gitaa la besi John Deacon alijiunga mwaka 1971 na kukamilisha kundi ambalo halikubadilika hadi kifo kilipowatenganisha.

Ni katika kipindi hicho ambapo Bulsara aliligeuza jina lake kuwa Mercury. Wapo wanaosema alilikana jina la babake. Wengine wanasema alijivika vazi la kazi tu. Ukweli unaoonekana ni kwamba aliendelea kuwatembelea wazazi wake na dadake hadi mwisho, ingawa hadharani alizungumza machache sana kuhusu Unguja na India.

Wimbo wa dakika sita

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973 bila kishindo. Mwaka uliofuata Seven Seas of Rhye na Killer Queen ziliwatambulisha kwa Waingereza. Lakini kilichowavusha ni wimbo uliotoka Oktoba 31, 1975.

Bohemian Rhapsody uliandikwa na Freddie. Una urefu wa karibu dakika sita na hauna kiitikio. Unaanza polepole kwa piano, unageuka kuwa kama opera, kisha unalipuka kuwa roki kabla ya kutulia tena. Sauti za waimbaji watatu zilirekodiwa juu ya nyingine mara nyingi mno hadi zikasikika kama kwaya nzima.

Kampuni ya kurekodi ilihofu kwamba hakuna redio ambayo ingecheza wimbo mrefu kiasi hicho. Mtangazaji Kenny Everett wa kituo cha Capital mjini London aliupata mapema na kuucheza mara 14 katika siku mbili za wikendi. Wasikilizaji wakaanza kuuliza madukani. Wimbo ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa mfululizo.

Ndani ya wimbo huo mna neno la Kiarabu ambalo Mwislamu hulitamka kabla ya kuanza jambo lolote. Katika pwani yetu, wapo wanaolisikia na kusema kuwa hiyo ni sauti ya Unguja iliyojificha moyoni mwake. Wapo wanaoona ni pambo tu. Freddie hakuwahi kuueleza wimbo huo waziwazi, na kimya chake kimewapa mashabiki kazi ya kubishana kwa karibu nusu karne.

Nyembe jukwaani

Shabiki mwaminifu ndiye mwepesi zaidi wa kukasirika, na wapenzi wa Queen walilithibitisha hilo. Albamu zao za mwanzo zilitamba kwamba hazikutumia vinanda vya kielektroniki. Mwaka 1980 walipovitumia katika albamu ya The Game, baadhi ya wafuasi walihisi wamesalitiwa.

Mwaka huo huo Freddie alikata nywele zake ndefu na kufuga masharubu. Katika baadhi ya maonyesho nchini Marekani, mashabiki walimrushia nyembe jukwaani ili ayanyoe. Hakuyanyoa. Albamu ya Hot Space ya mwaka 1982, iliyoegemea muziki wa densi, ilizua ugomvi mkubwa zaidi, na wapo ambao hawajaisamehe hadi leo.

Hata hivyo, alibaki kuwa mtoto wa roki ya mwanzo. Mwaka 1979 aliandika Crazy Little Thing Called Love, kwa mtindo ambao kila mtu aliutambua kuwa wa Elvis, aliyefariki mwaka 1977. Aliutunga kwa haraka akiwa hotelini mjini Munich, Ujerumani. Wimbo huo mwepesi, unaokaribiana na zile alizozipiga Panchgani, ndio wa kwanza kuifikisha Queen kileleni nchini Marekani.

Sinema nayo iliwafuata. Mwaka 1980 walitunga muziki wa filamu ya Flash Gordon, na mwaka 1986 wakatoa nyimbo za filamu ya Highlander. Wako watu waliozisahau hadithi za filamu hizo lakini wanaikumbuka miziki yake.

Doa la Sun City

Mwafrika anayesimulia maisha haya hawezi kuruka mwezi wa Oktoba 1984. Wakati ulimwengu wa wasanii ulikuwa umeisusia Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Queen walikwenda kuimba Sun City, katika eneo la Bophuthatswana ambalo utawala wa Makaburu uliliita nchi huru.

Bendi ilijitetea kwamba ukumbi uliwapokea watu wa rangi zote, na ikatoa mchango kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Utetezi huo haukukubalika. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliokiuka vikwazo.

Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, tena Unguja, hilo lilikuwa kosa zito. Mashabiki wengi hawapendi kulitaja, na filamu ya mwaka 2018 imelinyamazia kabisa.

Miezi tisa baadaye ikaja siku iliyowaosha machoni pa wengi. Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha za waathiriwa wa njaa Ethiopia. Ukame wa miaka hiyo haukuishia Ethiopia. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya nao wanaukumbuka mwaka 1984 kwa mifugo waliyoipoteza.

Queen walipewa dakika zipatazo 20 katika uwanja wa Wembley. Freddie aliingia akikimbia, akakaa kwenye piano, kisha akasimama na kuwaongoza zaidi ya watu 70,000 kupiga makofi na kuitikia kama darasa moja. Waliotazama kwa televisheni duniani walikadiriwa kuwa zaidi ya bilioni moja. Wengi wa wachambuzi wanalihesabu onyesho hilo kuwa bora zaidi katika historia ya roki.

Mtu yule yule aliyekosea Afrika Kusini ndiye aliyewainua watu kwa ajili ya Ethiopia. Matukio yote mawili ni yake, na hakuna linalofuta jingine.

Ugonjwa na mwisho

Onyesho la mwisho la Freddie na Queen lilifanyika Knebworth, Uingereza, Agosti 9, 1986, mbele ya watu zaidi ya 120,000. Mwaka uliofuata, 1987, aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi. Wakati huo hakukuwa na dawa za kuurefusha uhai kama zilizopo leo, na aibu iliyoambatana na ugonjwa huo iliua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Katika ujana wake aliishi kwa miaka kadhaa na mwanamke aliyeitwa Mary Austin. Mapenzi yao yalikwisha lakini urafiki haukwisha, na ndiye aliyemrithisha jumba lake la Garden Lodge huko Kensington. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland, aliyemuuguza hadi siku ya mwisho. Msomaji ana haki ya kuwa na imani yake kuhusu maisha hayo. Mwandishi hana haki ya kuyaficha.

Alifanya kazi karibu hadi pumzi ya mwisho. Alirekodi albamu ya Barcelona mwaka 1988 pamoja na mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé. Alipodhoofika kiasi cha kutembea kwa shida, aliendelea kuingia studio mjini Montreux, Uswisi, na kuwaachia wenzake sauti ambazo wangezikamilisha baadaye.

Novemba 23, 1991 alitoa taarifa kuuthibitishia umma kwamba alikuwa na Ukimwi. Alifariki jioni iliyofuata, Novemba 24, akiwa na umri wa miaka 45.

Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya Zoroasta, kwa ibada ya wazazi wake. Mtu aliyelibadili jina lake duniani aliagwa kwa desturi za ukoo wa Bulsara. Mwili uliteketezwa, na majivu yakakabidhiwa kwa Mary Austin, ambaye hajafichua alikoyaweka. Kwa hiyo mashabiki hawana kaburi la kulizuru. Wana sanamu iliyozinduliwa kando ya ziwa mjini Montreux mwaka 1996.

Aprili 20, 1992, wanamuziki wakubwa walikusanyika Wembley kumkumbuka, na kutokana na tamasha hilo ukazaliwa mfuko wa Mercury Phoenix wa kusaidia vita dhidi ya Ukimwi. Mwaka huo huo kichekesho cha sinema cha Marekani, Wayne's World, kiliurudisha wimbo wa Bohemian Rhapsody katika nyoyo za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka.

Ubishi wa filamu

Filamu iliyowagombanisha vijana wa Masalani ilichukua miaka mingi kutengenezwa. Ilitangazwa mwaka 2010, mwigizaji Sacha Baron Cohen akitarajiwa kumwigiza Freddie. Alijiondoa mwaka 2013 baada ya kutofautiana na bendi kuhusu jinsi maisha hayo yangesimuliwa. Nafasi ilimwendea Rami Malek, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Misri.

Ilipotoka mwaka 2018, wachambuzi wengi waliikosoa lakini watazamaji waliimiminikia. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 900 na kutwaa tuzo nne za Oscar Februari 2019, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume.

Mashabiki wa zamani walikuja na kalamu nyekundu. Filamu inaonyesha Freddie akiwaambia wenzake kuhusu maradhi yake kabla ya Live Aid mwaka 1985, ilhali aligunduliwa kuwa mgonjwa mwaka 1987. Inaonyesha bendi ikiwa imesambaratika kabla ya tamasha hilo, ilhali walikuwa wametoka katika ziara miezi michache tu kabla. Inamlaumu Freddie kwa kurekodi peke yake, ilhali Roger Taylor alikuwa amemtangulia kwa kutoa albamu yake mwaka 1981. Inaufanya wimbo wa We Will Rock You kuwa wa enzi ya masharubu, ilhali ulitoka mwaka 1977.

Mashabiki wapya walijibu kwamba filamu si kitabu cha historia. Hoja yao ina uzito. Lakini kubadilisha tarehe ya ugonjwa si jambo dogo. Kunaufanya ugonjwa uonekane kama adhabu inayotangulia toba, na Live Aid kuwa toba yenyewe. Maisha hayakwenda hivyo. Siku ile Wembley aliimba kwa ustadi wake, bila kujua habari hiyo.

Unguja ilivyomkataa na kumpokea

Nyumbani nako hakujakuwa na maelewano. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe kisiwani Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga vikali, ikisema maisha ya msanii huyo yanakwenda kinyume cha maadili ya visiwa hivyo. Sherehe hiyo ikafutwa.

Miaka 13 baadaye, Novemba 2019, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, katika jengo linalohusishwa na familia ya Bulsara. Watalii hupanga foleni kupiga picha mlangoni. Wapo wakazi wanaojivunia jambo hilo, wapo wanaolikerwa, na wapo wasioujua hata wimbo mmoja wa mtu huyo.

Nchini Uingereza, vitu vyake vilipigwa mnada London Septemba 2023 na kuingiza karibu pauni milioni 40. Piano yake peke yake iliuzwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Hakuna aliyeuliza pale kama mwenye piano alikuwa Mwingereza wa kutosha.

Kwa watu wa Masalani, swali la nani ni wa wapi si la mchezo. Mwaka 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali walipitishwa katika msasa maalumu wa kuthibitisha uraia wao, na kwa miaka mingi baada ya hapo vijana wa kaskazini mashariki waliendelea kuhojiwa kuhusu babu zao kabla ya kupewa vitambulisho. Wanajua uchungu wa kuzaliwa mahali na bado kutakiwa kuleta shahidi.

Ndiyo maana jibu la swali la mzee yule linafaa kutolewa lote. Aliyefariki ni Farrokh bin Bomi, wa ukoo wa Bulsara. Asili yake Uajemi kupitia Gujarat, kuzaliwa kwake Unguja, malezi yake Panchgani, kazi yake London, na ibada ya mwisho ya mababu zake. Alitunga nyimbo ambazo viwanja vizima vinaziimba. Alikwenda Sun City alipostahili kukataa, na akasimama Wembley kwa ajili ya wenye njaa. Alipenda alivyopenda, akaugua, akafa kijana.

Vijana watatu wa Masalani walikuwa na haki wote, na kila mmoja alikosea alipowakatalia wenzake. Tulipoachana, mzee alikuwa amemwagiza mwenye simu amchezee wimbo mmoja ili asikie kinachowagombanisha. Aliusikiliza hadi mwisho huku akizungusha tasbihi yake, akaomba chai nyingine, na hakuuliza tena swali la nasaba.